Mlinzi wa Milka

Sarafu haikupoa. Hata Kerubo alipomwogesha mwanawe kwa maji baridi, ile dhahabu shingoni mwa Milka ilibaki na joto, kama kijiko kilichotoka kwenye chai.

Ilikuwa sarafu ya kale ya Wagiriki, yenye sura ya mungu wao wa kike aliyevaa kofia ya vita. Jagjit, sonara wa mtaa wa Hockley ambaye zamani alikuwa jirani yao kule Kisumu, aliitundika kwenye mkufu akampa mtoto zawadi.

"Huyu mama alilinda mji mzima," alisema. "Atashindwa kumlinda mtoto mmoja?"

Kwa mjane aliye peke yake Birmingham mwaka 1971, mlinzi ni neema. Siku kijana wa mtaani alipomrushia Milka jiwe huku akiitukana rangi yake, kulisikika kishindo kwenye lami, kong, kama kitako cha mkuki. Kukanuka mafuta ya zeituni na chuma cha moto, na mkono wa kijana ukavunjika bila kuguswa na mtu. Kerubo alifurahi. Alifurahi sana, na mimi simlaumu.

Kisha Milka akachezea jiko la mafuta ya taa, Kerubo akamzaba kofi. Kong. Mama akatupwa ukutani, akatema meno na damu.

"Mummy, yule lady amekasirika," Milka alinong'ona. "Amesema usinipige tena."

"Lady gani, mwanangu?"

Mtoto akaishika sarafu.

Kerubo alijaribu kuivua, vidole vikaungua. Na kana kwamba hayo hayakutosha, jipu likaota shingoni mwa Milka, likambana koo. Daktari aliyekuja nyumbani na sindano alitoka amebebwa, jicho lake moja limetobolewa. Kerubo alikuwa nesi. Alijua jipu lile lisipopasuliwa, mtoto atakufa kwa kukosa pumzi.

Akakimbilia Hockley.

"Usimnyang'anye, Mama Milka," Jagjit alisema kwa sauti ya chini. "Mwombe akupe mwenyewe. Huyo hulinda aliyepewa."

Milka hakuwa mchoyo. Akampa mama yake, mkufu ukavuka kichwa cha mtoto bila ubishi, na Kerubo akauvaa.

Hospitalini Kerubo aliomba amshike mwanawe mwenyewe, akamkumbatia asitikisike, kisu kikaingia na hakukuwa na kishindo wala harufu, usaha ukatoka, pumzi ikafunguka, na Kerubo akaanza kulia kwa shukrani huku akiita jina la Mungu wake, na Milka, kwa uchungu tu kama mtoto yeyote, akageuza kichwa akamng'ata mama mkono kwa nguvu zake zote.

Chumba kikanuka mafuta ya zeituni.

"Hapana," Kerubo alisema, akimfunika mtoto kwa mwili wake. "Hapana, mama, huyu ni mwanangu. Nakuomba, huyu ni—"

Kong.