Nani Kapanga Meza Hii

Soko la Bariadi lilikuwa limefurika siku hiyo. Wakulima walikuwa wameshauza pamba, na kila mmoja alitaka kurudi kwake na kitu mkononi. Eufrasia aliinama kwenye fungu la ndizi mbichi, gauni lake la kitenge cha bluu limemkaa vizuri kiunoni, akizigeuza moja moja na kuguna.

"Dada, hizo ndizi zimekukosea nini?" sauti ya mwanaume iliuliza nyuma yake.

"Kwetu Muleba hizi tunampa ng'ombe."

"Basi ng'ombe wa huko wana raha. Wa kwetu wanatafuna mabua. Mwangaluka!" alimsalimu kwa Kisukuma.

"Hiyo sijui kuijibu."

"Unajibu hivyo hivyo."

"Haya, mwangaluka, kaka."

"Mimi siyo kaka. Mimi Mayunga."

Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, lakini vidole vyake vilinuka oili, kwa kuwa aliuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Eufrasia alikuwa afisa kilimo, na pikipiki yake ya kazi haikuacha kuharibika. Kwa hiyo walionana tena, na tena, mpaka yakawa mapenzi ya kuitana "Mama Ndizi" na "Msukuma wangu" kwenye simu.

Wote wawili walikuwa wamevuka thelathini na tano, na walikuwa na aibu moja. Walikuwa hawajawahi kualika ndugu majumbani mwao siku ya Krismasi. Eufrasia alipanda basi kila Desemba akale kwa mama yake. Mayunga alikwenda Nkoma kwa dada yake mkubwa, Nyanjige, akanawa, akala, akajinyoosha kivulini. Mtu wa kula tu haoni mkono unaopanga.

"Mwaka huu waje wao," Mayunga alisema. "Ng'ombe wa mahari wako kwa mzee, baba yangu. Akitoka kwako na roho nyeupe, Januari atatuma watu kwenu."

"Na asipotoka na roho nyeupe?"

"Kwa mkono wako huo? Acha mambo yako! Nataka meza moja ndefu, kitambaa cheupe, wote tukae pamoja kama watu. Baba akae pale mbele, wewe kando yake umhudumie."

"Hatachukia?"

"Mambo hayo ya zamani yamepita, mpenzi."

Mayunga mwenyewe akaazima meza mbili, akaziunga. Lakini Eufrasia moyo haukutulia, akampigia Nyanjige.

"Wifi, samahani. Tutakaa na mzee meza moja, tule wote. Kuna la kuangalia?"

Tangu mama yao afariki, Krismasi ya ukoo ilikuwa ya Nyanjige. Siku hiyo ndiyo aliyoitwa mayu, yaani mama, na watu wazima waliomzidi umri.

"Wewe pika tu, wifi," alisema kwa sauti laini. "Mzee wetu hana makuu."

Siku yenyewe ilifika. Eufrasia alitoka misa ya asubuhi mbio, akavaa gauni jekundu alilolishonesha kwa siku hiyo. Nyumba ilinukia pilau, kuku wa kienyeji na ndizi za nyama, na ugali wa mtama ulikuwepo kwa ajili ya mzee. Chakula hakikuwa na kasoro yoyote.

Mzee Ngeleja alinawa, akakaa alipoonyeshwa. Ndugu wakajipanga. Eufrasia akasali, akampakulia, kisha akavuta kiti akakaa kando yake, akamega ndizi na kula.

Mkono wa mzee ukasimama hewani.

Kwa Wasukuma wa umri wake, baba mkwe hali chakula na mkwe wa kike wakitazamana. Yeye hula nje na wanaume, mkwe hula ndani na wanawake, na heshima yao ni kutoonana wakitafuna. Nyanjige alilipanga hilo kila mwaka kimya kimya, na Mayunga alikaa alipoambiwa.

"Nani kapanga meza hii?" mzee aliuliza, polepole.

Eufrasia alimtazama Mayunga. Mayunga alitazama sahani.

"Ni yeye, baba. Kwao ndivyo wanavyokula."

"Pole, wifi," Nyanjige alisema mbele ya wote. "Si ungeniuliza tu?"

Mzee aliinuka akatoka nje. Ndugu wakamfuata mmoja mmoja. Pilau likapoa, na Eufrasia akabaki peke yake kwenye meza ndefu, mafuta ya ndizi bado mdomoni.

Hakupokea simu za Mayunga mpaka mwaka mpya, alipokuja mwenyewe na kupiga magoti sebuleni akiwa na pete.

"Nilitetemeka, Mama Ndizi. Nisamehe. Nioe basi wewe, kama unaona mimi siwezi kuoa."

Eufrasia alicheka huku analia. Alikuwa anampenda, afanyeje? Akanyoosha kidole, pete ikaingia. Wakakumbatiana mpaka chai ikachemka ikamwagika.

"Kuna kitu kidogo tu," Mayunga alisema akimshika nywele. "Kesho twende Nkoma, ukamwombe mzee radhi."

"Radhi ya meza yako?"

"Wewe ni mgeni, watakusamehe. Mimi ni mtoto wa pale. Nikisema nilimkalisha baba na mkwe wake, ng'ombe hawatoki zizini."

"Mpigie sasa hivi. Sema, 'Ni mimi.' Ukishasema, nitakwenda kupiga magoti pamoja na wewe."

Mayunga akapiga, simu imewekwa sauti ya juu.

"Ng'wanawane, mwanangu," mzee aliitika.

"Baba..." Alimtazama Eufrasia. "Nilitaka kukutakia heri ya mwaka mpya."

"Na kwako. Yule binti hajambo? Ilinisumbua. Hivi kweli ni yeye aliyepanga?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake. Ilibaki kuingia tu.

"Ni yeye, baba. Nitamleta akuombe radhi."

Eufrasia hakumkatiza. Alingoja baba na mwana waagane vizuri, kwa kuwa mzee hakuwa na kosa. Kisha akaivua pete, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati jeupe, akaufunga kwa kifungo chake.

"Nenda," alimwambia. "Na mwambie dada yako asiache kukuwekea sahani."