Milioni Moja na Moja

Kwanza ulikuwa mkate. Mwalimu wa hesabu aliukuta mezani umekatwa vipande viwili sawasawa, na kisu kimo kabatini. Akamlaumu binti yake, mtoto akakana. Kesho yake ikawa sabuni. Kisha mwanasesere, toka utosini hadi miguuni, na nyumba nzima ikanuka nywele zilizoungua.

Mkewe alitaka kumwita shangazi yake, mganga. Mwalimu akacheka, maana alikuwa mtu wa kujisikia. "Panya hao," akasema. Panya gani anayepima kwa rula?

Alasiri moja, mkewe akiwa kazini, mtoto aliamka na mstari mwembamba mweupe usoni, kuanzia kwenye paji, juu ya pua, hadi kidevuni. Mwalimu aliufuta kwa maji, akaufuta kwa mate, haukutoka. Akambeba mbio hadi mlangoni. Kitasa kilizunguka tu. Madirishani nondo zilikuwa zilezile alizoziweka mwenyewe kuzuia wezi.

Alipiga kelele hadi Shangazi, aliyekaa nyumba ya pili, akaja dirishani.

"Huyo ni jini wa mafungu, mwanangu," akanong'ona. "Kinachogawanyika anakigawa. Mwandikie mtoto kiganjani namba isiyogawanyika. Akishindwa kuigawa hiyo, hana ruhusa ya kumgusa. Iwe kubwa, ndogo anazijua zote. Na ukishaandika, hubadilishi."

"Namba tasa," mwalimu akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu, Shangazi."

"Basi ifanye vizuri, baba. Usikimbilie."

Akachagua milioni moja na moja. Si shufwa. Haigawanyiki kwa tatu, wala tano, wala saba. Akazipitia tasa zote kichwani kama zilivyopangwa kwenye chati ya darasani kwake, hadi tisini na saba, mwisho wa chati. Akaandika kwa wino.

Ukuta ukaanza kunong'ona kwa sauti kavu. "Kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, inabaki mbili." Uliendelea hivyo huku mtoto amemng'ang'ania baba yake shingoni, na kila hesabu iliposhindikana harufu ya kuungua ilizidi, hadi wote wawili wakawa wanahema kwa shida. "Kwa tisini na saba, inabaki ishirini na nane."

Kimya.

"Tumemweza, Shangazi!" Mwalimu alikuwa akilia kwa furaha.

"Mlango umefunguka?"

Haukufunguka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kimya kile mwalimu alikumbuka jambo analowaambia wanafunzi kila mwaka, kwamba namba ya milioni moja huijaribu kwa tasa zote mpaka ukaribie elfu moja ndipo useme ni tasa, na yeye, kwa woga na kwa mazoea, alikuwa amekomea pale chati ya darasani ilipoishia, basi akaukamata mkono wa mtoto akausugua kwa kucha, kwa shati, kwa meno, na wino haukufifia hata kidogo.

"Kwa mia moja na moja," ukuta ukasema taratibu, "haibaki kitu."

Mikono ya mtoto ikamtoka shingoni. Mlango ukafunguka wenyewe.

"Baba," binti yake akaita kutoka upande wa kulia.

"Baba," akaita vilevile kutoka kushoto.

Mwalimu akafumba macho, maana hakujua aanze kumtazama yupi.