Viatu Vilivyokuwa na Mguu wa Mtu Ndani

"Inuka, Bo-ra. Watu wanatuangalia."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, theluji imeniingia mpaka kwenye kola. Aliyekuwa amesimama juu yangu ni Gyu-jin, mpenzi wangu.

"Goti linaniuma."

"Hilo si goti, ni woga. Mguu wa kulia mbele, inama, geuka. Kuna ugumu gani hapo?"

"Mbona wewe huanguki?"

"Mimi siogopi."

Akateleza akaenda zake. Na alikuwa anapendeza jamani, sitamnyima haki yake. Kwenye kona analala mpaka mkono unakaribia kugusa theluji, na ubao wake wa kutelezea theluji unaacha mstari mwembamba kama wa kisu. Ndicho kilichonivuta kwake. Aliponiletea ubao kama wake, mrefu mwembamba, na viatu vigumu vya plastiki vya kupandia ubao huo, akaniambia, "Vipya kabisa, nimekuchagulia mwenyewe," nililia kwa furaha. Viatu vilipwaya. Nikavaa soksi mbili nikanyamaza.

Siku hiyo nilichechemea hadi dukani chini ya mlima, kwa fundi wa mbao za theluji. Aliitwa Il-woo. Mtu mkimya, mikono imejaa nta.

"Nilegezee hivi vifungo vya miguu kwenye ubao," nikamwambia. "Nadhani mimi sifai kwa mchezo huu."

"Nani kasema hufai? Simama hapo, dada. Samahani, nitakusukuma kidogo."

Akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili. Mguu wangu wa kushoto ukaruka mbele kunizuia nisianguke.

"Umeona? Wewe ni wa kushoto mbele. Vifungo vimefungwa kwa mtu wa kulia. Nani alikufungia?"

"Mpenzi wangu."

"Na viatu?"

"Kaninunulia yeye. Vipya."

Nikavua kimoja, naye akachomoa bitana yake ya ndani, ile ya sponji, akaingiza mkono. Uso ukabadilika.

"Hii hupashwa moto, ikashika umbo la mguu wa mwenyewe," akasema taratibu. "Mguu huu si wako. Kidole gumba chake kimelala upande."

"Ni mguu wa nani?"

Akairudisha bitana ndani ya kiatu.

"Unamjua."

"Muulize aliyekupa, dada. Si mahali pangu kusema."

Nikamwandikia Gyu-jin palepale: "Hivi viatu ni vya nani?"

"Vyako. Kwa nini?"

"Vina mguu wa mtu ndani."

Simu ikaita.

"Bo-ra, usianze mambo. Ni vya Na-ryeong. Tulikuwa pamoja zamani."

"Zamani lini?"

"Yuko Kanada, anasoma."

"Sijakuuliza yuko wapi. Mmeachana?"



"Anarudi masika," akasema. "Nilikuwa nataka kukuambia."

"Kwa hiyo mimi ni wa kupitishia baridi."

"Na wewe nakupenda pia, Bo-ra."

"Njoo uchukue vitu vyake. Viko dukani."

Nikakata. Nilidhani nitapiga kelele, lakini nilikaa tu kwenye benchi na soksi zangu mbili. Il-woo akaniletea kikombe cha mchuzi wa moto wa odeng, vile vipande vya samaki wa kusagwa, akarudi kwenye kazi yake. Hakuniuliza kitu. Mpaka leo namshukuru kwa ule ukimya.

Nilipomaliza kunywa nikamuuliza, "Mtu kama mimi anaanzia wapi?"

"Ubao mpana kidogo. Viatu laini zaidi, vya kukodi, vya saizi yako. Na mteremko wa watoto."

"Watanicheka."

"Watoto hawana muda wa kukucheka."

Jumamosi zile zote nilitoka mjini kwetu Wonju kwa basi la kwanza. Il-woo alinifundisha kabla hajafungua duka, theluji ikiwa bado ngumu.

"Usiupiganie ubao. Ulaze kwenye makali yake, usubiri. Utakuzungusha wenyewe."

"Nisipozunguka?"

"Utasimama. Kusimama si kufa."

Asubuhi moja nilisubiri, na ubao ukanizungusha. Nikageuka kutazama nyuma. Mstari mmoja mwembamba, safi, wangu. Nikaanza kulia.

"Umeumia wapi?" akaja mbio.

"Sijaumia. Asante."

"Umefanya mwenyewe, dada."

"Acha ubishi, pokea asante yako."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka.

Masika yalipofika, theluji inayeyuka, nikaona huyu mtu hatasema neno maisha yake yote.

"Il-woo, wewe hunipendi?"

Akaweka chini pasi ya kuyeyushia nta kwenye ubao.

"Nakupenda. Niliogopa utadhani yale ya viatu niliyasema kwa faida yangu."

"Hukunitajia hata jina la mwenye viatu. Ndiyo maana nimekuuliza mimi."

Msimu uliofuata nilikutana na Gyu-jin kwenye foleni ya lifti ya viti inayopandisha watu mlimani. Alikuwa peke yake. Na-ryeong alirudi, akasema, lakini hawakudumu.

"Nimekuona unateremka," akaniambia. "Umejua kweli. Bo-ra, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Tena asante."

"Asante ya nini? Unanisuta?"

"Sikusuti. Wewe ndiye uliyenileta mlima huu. Peke yangu nisingekuja."

Akainamisha kichwa. Kiti chake kikafika, akapanda.

Mimi na Il-woo tulioana mwezi wa tano. Wageni wakiwa mezani, mama yake alinishika mkono.

"Huyu mwanangu alikuwa haongei hata na mimi," akasema. "Siku hizi anaimba akiosha vyombo. Asante, binti yangu."

"Mama, mwenye kushukuru ni mimi."

"Hapana, ni mimi."

"Hujui alivyonikuta, mama."

"Na wewe hujui alivyokuwa."

Tukabishana hivyohivyo, kila mmoja akimshukuru mwenzake, mpaka tambi za harusi zikapoa mbele yetu.