Sekunde Arobaini za Taa Nyekundu

"Shangazi amelazwa. Peleka shuka."

Sauti ya Mkuu wake wa ujasusi ikakatika kwenye kidude cha sikioni. Sindano alibaki amepiga magoti kando ya Subaru ya bluu, waya wa kompyuta mkononi.

Maana ya maneno yale ilikuwa moja. Mzigo umo humu gerejini. Uchukue.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini mchana. Saa sita kamili lori la timu hii ya mbio za magari lingeondoka kuelekea mpakani.

Mzigo wenyewe ulikuwa orodha ya majasusi thelathini na mmoja. Jina la saba lilikuwa la kaka yake, tumbo moja, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiwaendeshea maadui magari yao huko upande wa pili, akijifanya mtu wao. Orodha ikivuka mpaka, kaka hataiona jioni.

Nayo ilifichwa ndani ya kinasa data kimoja kati ya sita.

Vilikuwa viboksi vyeusi, kila kimoja kama kiberiti. Unakibandika kwenye gari la mashindano, kinaandika kila kitu: mwendo, breki, kona, muda wa kila mzunguko. Kazi ya Sindano, wiki ya pili sasa, ilikuwa kuvisoma na kuwaonyesha madereva wanakopoteza muda.

"Dada, mbona unatetemeka?" Fundi wa matairi alimcheka. "Kompyuta imekupiga shoti?"

"Njaa tu, kaka. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

"Njaa gani ya kutikisa mpaka waya!"

Sindano alitaka kucheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Kinasa cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu nacho hakikuwa na neno.

Cha nne kilikuwa cha ile Subaru. Mizunguko kumi na moja. Dereva alishika breki mita themanini kabla ya kona ya tatu. Mzunguko wa pili, mita themanini. Wa tatu, themanini. Wa kumi na moja, themanini.

Akarudia kuzisoma namba.

Hakuna binadamu anayeshika breki mahali palepale mara kumi na moja. Matairi hupata moto, mguu huchoka, moyo huingiwa na woga. Vinasa vingine vilionyesha sabini na nne, tisini, themanini na mbili. Akashuka mpaka chini ya ukurasa, kwenye idadi ya satelaiti ambazo kinasa hutumia kujua kilipo.

Sifuri.

Kinasa kimezunguka uwanja mara kumi na moja bila kuiona mbingu! Aliyeighushi mizunguko ile alikuwa mtu wa mezani, asiyejua usukani. Tena alikuwa ameing'oa antena ndani ya boksi ili apate nafasi ya kuificha orodha.

"Umeona nini?"

Bosi wa timu alikuwa nyuma yake. Shati jeupe, manukato, mkono mmoja ndani ya koti. Bastola yake, Glock, Sindano alishaiona juzi.

"Ki... kinasa hiki hakioni satelaiti, bosi. Nikitoe nje, penye uwazi."

"Kiache kilivyo."

"Kiachwe?" Mwenye Subaru, mama mmoja wa makamo, aliingia na kofia ngumu kwapani. "Bosi, hiki nimekichagua mwenyewe! Nilikikataa cha kuandika mara moja kwa sekunde, maana kwa sekunde moja mimi nimeshaimaliza kona. Nikataka cha mara ishirini na tano. Leo unasema kiachwe? Kitoe nje, mwanangu. Fanya haraka."

Mafundi walikuwa wamegeuka kusikiliza. Bosi alitabasamu kwa meno tu.

"Haya. Nitamsindikiza."

Sindano alikibandua. Akainama kwenye sanduku la vifaa, akakisukumia ndani ya soksi, akatoa mfukoni kinasa cha akiba na kukiwasha. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Viwili vile vilifanana kama mapacha.

Nje, jua lilichoma. Gari jeupe la kusambaza maji, alimojificha Mkuu, lilisimama langoni. Hatua sitini.

"Lete," alisema bosi.

Akampa.

Bosi alikitazama. Nyekundu. Chake kilipepesa nyekundu tangu asubuhi, kwa kuwa hakikuwa na antena. Akaridhika.

"Nenda kale. Unatetemeka."

Lakini cha akiba kilikuwa na antena yake. Kikifikishwa penye uwazi, huchukua kama sekunde arobaini kuzipata satelaiti. Kisha taa huwa ya kijani.

Moja. Mbili. Tatu.

Usikimbie, alijiambia. Ukikimbia tu, umekwisha.

Kumi na tano.

"Mkuu," alinong'ona, "fungua mlango."

"Umebakiza hatua ngapi?"

"Nyingi."

Ishirini na nane. Jasho lilimtiririka mgongoni, baridi kama maji ya kisima.

Thelathini na sita.

"Wewe binti!"

Taa imewahi kuwa ya kijani!

Sasa alikimbia. Risasi ya kwanza ilitoboa pipa la oili. Ya pili ilichana mkono wa ovaroli. Alijitupa chini, akachomoa bastola yake, Beretta, akafyatua mara moja.

Goti.

Bosi alianguka akipiga yowe. Kabla hajaiokota Glock yake, watu wawili kutoka kwenye gari la maji walikuwa juu yake.

"Mzigo?" aliuliza Mkuu.

"Uko kwenye soksi."

"Kaka yako hatajua alivyoponea chupuchupu."

"Afadhali. Angenicheka nilivyotimua mbio."

Mama wa Subaru alikuja akihema. "Jamani, mnapigana risasi! Na mizunguko yangu je?"

Sindano alijikung'uta vumbi. "Ya leo imepotea, mama. Ya jana niliisoma. Kona ya tatu unashika breki mapema mno. Unaogopa."

"Kwani wewe huogopi?"

"Mno," alijibu Sindano, akaelekea langoni bila kugeuka nyuma.