Pinda Pale Chai Imekatwa

Mvua ndiyo iliyowakutanisha, Februari 1998, kwenye kituo cha petroli mjini Kericho, watu wamejibanza chini ya paa moja kama kuku. Wambugu, kijana wa kampuni ya ramani ya Nairobi, alikuwa ndani ya Pajero yenye kioo kidogo cha kuonyesha njia. Chepngeno, fundi wa nguo, sketi ya maua na mwavuli uliovunjika mbavu, akachungulia dirishani.

"Hiyo televisheni inasema tuko wapi?"

Mshale ulisimama katikati ya shamba la majani chai.

"Inasema tunachuma chai."

"Basi leta kikapu."

Wambugu alikwisha hapo hapo.

Nairobi mashine ile ilijua hata vichochoro. Nakuru ilisita kidogo. Ikifika Konoin, kwa kina Chepngeno, ilikisia tu, kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Ndiyo maana, wiki ya posa Julai, Chepngeno alimwelekeza kwa simu kutoka Kericho.

"Zima hiyo kitu yako, mpenzi. Ukipita Mogogosiek, pinda kushoto pale chai imekatwa, imebaki vijiti. Na usichelewe. Baba amesema usipofika kabla ya kukamua ng'ombe jioni, hataki kusikia jina lako tena."

Jumamosi Wambugu akaizima. Aliendesha, akarudi, akaendesha tena. Vijiti hakuna. Chai yote kijani, imenyooka kama kapeti. Jasho likalowesha kola ya shati jipya. Akaiwasha mashine, ikamshusha hadi mtoni, mahali mvua za mwaka uliopita zilibeba daraja.

Ankal Zacheus, aliyekuja naye kumsemea kwenye posa, akavua kofia akatazama maji. "Wambugu, kwani tunaoa samaki?"

Wakarudi Mogogosiek, jua likiinama. Wambugu akaingia kibanda cha simu, akapiga duka la karibu na kwa kina Chepngeno. Chepngeno mwenyewe aliishika. Alikuwa amesimama hapo akiangalia barabara.

"Uko Nairobi, sindio?"

"Niko Mogogosiek."

"Wazee wameshika fimbo zao waondoke, Wambugu. Shangazi anasema mtu wa mbali huogopa mlangoni. Kama umeogopa, niambie mimi."

"Chepngeno, nimetafuta vijiti mpaka macho yanauma. Hakuna chai imekatwa huku."

Wambugu alisikia redio ya duka ikikohoa.

"Ilikatwa Pasaka," Chepngeno akasema polepole. "Sijakuja nyumbani tangu hapo. Jana nimeingia na giza." Akavuta pumzi. "Imeota."

"Kwa hivyo ramani yako pia imezeeka."

"Nyamaza. Kaa hapo kwa geti ya kiwanda cha chai."

Alitokea kati ya michai, gauni la samawati limeloa hadi magotini, viatu mkononi. Akaingia mbele bila salamu. "Twende. Kulia. Si hapo, wewe."

Uani ndoo za kukamulia zilikuwa zimetolewa. Mzee Kiplimo, babake, alikuwa amesimama na wazee wenzake, fimbo chini ya kwapa.

"Nani alipotea?"

Wambugu akafungua mdomo; Chepngeno akamtangulia. "Ni mimi nilimpoteza, Baba. Nilimwambia chai iliyokatwa, na imeota."

Mzee aliikagua Pajero, akainama kwenye kioo. "Hii inasema hapa kuna nini?"

Wambugu akatazama mshale. "Inasema hakuna kitu, Baba. Hakuna hata njia."

"Na wewe unaona nini?"

"Naona mama amebeba kibuyu cha mursik."

Mzee akageuka. Kweli, mama Chepngeno alikuwa amekwisha kutoka jikoni na kibuyu cha maziwa lala ya kukaribisha wageni, hakungoja ruhusa ya mtu. Mzee akaketi.

"Ng'ombe watangoja," akasema. "Leteni viti."