Marehemu wa Jikoni

Kwa maelezo ya Mama Dirisha, jirani ambaye hakuna kinachompita mtaani, mlinzi wa kituo cha yatima aliruka ukuta saa saba mchana, mkoba wa mgeni kwapani.

"Kama paka, afande! Kwa macho yangu haya."

Mkoba ulikuwa wa binti wa ng'ambo aliyekuja kujitolea kwa wiki tatu. Ndani mlikuwa na simu, kamera na pasipoti mpya ya mtoto wa kike wa miaka sita. Kesho yake angeondoka naye, akamlee kwao.

Inspekta akamtazama mlinzi. Tumbo lilimtangulia.

"Uliruka?"

"Mimi, bosi? Hata kitandani napanda kwa awamu."

Inspekta akaugusa ukuta. Kidole kikatoka na rangi ya njano. Wageni waliupaka asubuhi hiyo. Kila kundi linalokuja huupaka upya, maana kazi nyingine ya kuwapa haipo. Ulikuwa mbichi pande zote, bila alama ya mkono wala kiatu.

"Mama, uliona kweli?"

Mama Dirisha akakohoa. "Nilisikia kishindo. Mengine... si ndivyo wezi wanavyofanya?"

Geti lilikuwa na kufuli. Basi mwizi alikuwa bado ndani.

Mkoba ulipatikana stoo, chini ya magunia ya maharage. Simu ipo, kamera ipo, pasipoti haipo. Koplo aliyefuatana na Inspekta akachambua majivu ya jikoni, akatoa kipande cha jalada gumu, nembo ikionekana nusu.

Mpishi, mwanamke mkimya, aliendelea kukoroga.

Inspekta hakumhoji. Alikaa mlangoni akatazama watoto wakipanga foleni na sahani zao.

"Shangazi, niongeze."

"Shangazi, nipe ukoko!"

Yule mtoto wa safari alipofika, alinyoosha sahani bila neno. Mpishi akampakulia bila kumtazama.

"Wote wanakuita shangazi," Inspekta akasema foleni ilipokwisha. "Huyu mbona hakuiti kitu?"

"Nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Ningevumilia vipi, aniite shangazi?"

"Wewe ni nani yake?"

"Nimemzaa mimi."

Akaketi juu ya kigoda, maneno yakamtoka.

"Baba yake alitutupa. Mlezi mkuu akasema mtoto atakula, atasoma, mimi nitapika. Ila wageni hawaji kumsaidia mtoto mwenye mama. Akaniletea karatasi, nikaweka dole gumba. Kusoma sijui. Baadaye ndipo nikaambiwa nimeshuhudia kifo changu mwenyewe."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa anashiba, afande. Miaka miwili wageni wanambeba, wanapiga picha, wanalia, wanaondoka. Huyu binti akaja na tiketi mbili."

Mlezi mkuu akaingia na faili, tabasamu pana.

"Huyu kachanganyikiwa, afande. Mama wa mtoto alifariki zamani. Karatasi hizi hapa. Pasipoti nyingine itatoka tu."

Inspekta akasoma. Taarifa ya kifo. Dole gumba la shahidi. Chini, muhuri wa polisi.

Ulikuwa muhuri wa kituo chake. Sahihi ilikuwa ya mkuu wake.

Mpishi alikwisha kunyoosha mikono, akisubiri pingu.

"Wizi nakubali. Nifunge. Nakuomba kitu kimoja tu, afande. Kwenye maelezo yangu, andika kwamba niko hai."

Inspekta alishika kalamu. Hakuifungua.