Onyo la Mstari wa Arobaini na Moja

Stendi ya Garsen mwaka 1998 ilikuwa bado inanuka tope la mafuriko. Adano, akikimbilia kazini, alimgonga msichana wa buibui jeusi. Kopo lake likaanguka, disketi zikatawanyika miguuni mwa mbuzi.

"Pole, dada. Hizi ni santuri?" alitania.

"Ni programu, kaka. Ukiikanyaga moja, utaniandikia upya."

"Naweza. Mimi naandika lugha ya C."

"Haya basi, okota kwanza, fundi."

Kumbe walikuwa wakielekea mlango mmoja, ofisi ya mradi wa chakula cha msaada. Msichana yule, Mwanaarusi wa kijiji cha Ozi, ndiye aliyekuwa mfanyakazi mpya. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana laazizi na roho yangu mbele ya kompyuta moja, kila mtu na faili lake.

Siku ya kuunganisha kazi zao, kompyuta ilitoa onyo: namba inaweza kupotea, mstari wa arobaini na moja, faili la Mwanaarusi.

"Hebu tuliangalie, laazizi," Adano alisema.

"Onyo tu hilo, roho yangu. Kama lingekuwa kosa, kompyuta ingekataa."

Wiki iliyofuata orodha ya mgao ilitoka na kilo za Ozi chini ya sifuri. Chakula chao hakikupakiwa. Meneja aliuliza nani ameharibu, na Adano, kwa kuogopa kibarua chake kuota nyasi, akasoma skrini: "Mstari wa arobaini na moja. Ni wake."

Mwanaarusi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Huko Ozi wakasema mtoto wao wenyewe kawanyima chakula.

Akirekebisha programu, Adano akaona. Kisanduku cha kuwekea jumla ya kilo alikitengeneza yeye, katika faili lake mwenyewe, kidogo mno; kikifurika, namba hugeuka kuwa chini ya sifuri. Mwanaarusi alimimina tu namba humo, na kompyuta humtaja anayemimina, si aliyeleta kibaba badala ya gunia. Roho ilimuuma, na ilistahili kumuuma.

Alimpigia simu Mwanaarusi, aliyekuwa sasa Malindi, dukani kwa shangazi yake.

"Kosa ni langu. Nisamehe, nikuoe."

"Nenda Ozi kwanza, ukawaambie."

Alikwenda. Ijumaa, baada ya swala, alisimama msikitini akasema yote, kisha akaenda kwa mama yake Mwanaarusi, wakalia pamoja. Aliporudi Garsen akapiga tena.

"Nimesema, laazizi. Mama anakungoja."

"Mama nitakwenda kumuona."

"Na mimi je?"

"Nakupenda bado, Adano, sikufichi. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa ubavuni mwako, na hukuniuliza hata neno moja."

Simu ikakatika. Adano hakuwa na sarafu nyingine.